Draiva Haichagui Herufi

Anayepanda ngazi za duka la fundi kule Wandegeya, Kampala, kompyuta kwapani, huwa amekwisha kutoa hukumu kabla ya kuulizwa. "Ssebo, draiva imekufa." Kibodi haiandiki: draiva. Mshale umeganda katikati ya kioo: draiva. Herufi E haitoki: draiva. Na fundi, ambaye wateja wengine wanamngoja mlangoni, mara nyingi haipingi hukumu hiyo. Anachomeka flashi, anafuta Windows, anaisimika upya, na jioni mteja analipa. Wakati mwingine kompyuta inapona. Wakati mwingine inarudi kesho yake na ugonjwa uleule, ila safari hii bila picha za harusi na bila tasnifu iliyokuwa imebakiza sura moja.

Neno lenyewe lina sehemu ya lawama. Ukisikia draiva unamwona mtu ameshika usukani wa basi dogo la kamunye, na gari likisimama katikati ya Bombo Road wa kwanza kulaumiwa ni yeye. Draiva ya kompyuta ni kitu kingine. Ni programu ndogo inayoijua lugha ya kifaa kimoja upande huu na lugha ya Windows upande ule, na kazi yake inafanana zaidi na ya mkalimani wa mahakamani. Mkalimani akiwa mzima kabisa, kesi bado inaweza kuharibika kwa sababu shahidi ni bubu au hakimu hayupo. Kwa hiyo swali linalookoa fedha na mafaili ni hili: habari imekatikia wapi njiani? Draiva ni kituo kimoja katika njia hiyo, na kwa maoni yangu si kituo kilicho dhaifu kuliko vyote.

Tuifuate herufi moja. Chini ya vitufe vya kibodi ya kawaida kuna karatasi za plastiki zenye njia nyembamba za umeme, zimepangwa kama mistari ya daftari la hesabu, ya kulala na ya kusimama. Ukibonyeza kitufe, mstari mmoja wa kulala unagusana na mmoja wa kusimama. Chipu ndogo iliyomo ndani ya kibodi inatambua makutano hayo na kuyapa namba. Kibodi haijui kwamba umebonyeza A. Inajua mahali tu ulipobonyeza. Namba hiyo inapita kwenye waya hadi kwenye mtambo wa USB, au, katika laptopu nyingi hadi leo, kwa kidhibiti cha ukoo wa Intel 8042 ambacho IBM ilikitia katika kompyuta yake ya AT mwaka 1984. Hapo ndipo draiva inapoipokea namba na kuikabidhi Windows. Kisha mpangilio wa kibodi, ambao ni jedwali tu, unaamua kwamba namba hii ni herufi fulani. Mwisho kabisa programu unayoandikia inaipata.

Ukiijua safari hiyo, makosa mengi yanajitenga yenyewe. Draiva ikifa, kibodi nzima inanyamaza. Haiketi ikachagua kuua R, F na V na kuziacha nyingine zikiandika. Vitufe vitatu au vinne vikifa pamoja, tena vilivyo jirani kwa kwenda chini, kinachofaa kutazamwa ni mstari uliokatika au kuliwa na kutu ndani ya plastiki, na sababu yake kwa kawaida ni kikombe cha chai, soda, au lile vumbi jekundu la Kampala lililoshikana na unyevu wa masika. Kitufe kimoja kinachojirudia chenyewe kimenasa. Kibodi ya laptopu inayokufa na kufufuka unapoinua kioo ina utepe uliolegea chini yake. Hakuna kati ya hayo linaloponywa na Windows mpya.

Kuna kipimo ambacho ningependa kila mwenye kompyuta akijue kama anavyojua kupima moto wa pasi. Zima kompyuta. Iwashe, na papo hapo gonga kitufe cha kuingilia BIOS: kwenye HP nyingi ni Esc au F10, kwenye Dell ni F2, kwenye Lenovo ni F1 au F2. Huko ndani Windows haijaamka na draiva zake bado zimelala kwenye diski. Ikiwa kibodi yote ilikuwa imenyamaza na huko unaweza kutembea kwa vitufe vya mishale, kibodi ni nzima na waya ni mzima. Kosa limo ndani ya Windows. Usipoweza, draiva haitakusaidia kitu, isipokuwa kibodi yenyewe iwe ya Bluetooth, ambayo BIOS nyingi haziioni, au mtu awe amezima USB humohumo. Kwa kipanya, na kwa kuhakikisha zaidi, iwashe kompyuta kutoka kwenye flashi yenye Ubuntu na uchague kujaribu bila kusimika. Linux inakuja na draiva zake. Kipanya kikitembea humo na kugoma ndani ya Windows, umekwisha kuupata upande wenye kosa, na hakuna faili hata moja iliyoguswa.

Vipimo hivyo viwili havichukui hata robo saa. Nilipoteza maandishi ya miezi mitatu katika duka moja la mjini kwa sababu havikufanywa. Kibodi iliyomwagikiwa chai ilirudishwa kwangu na Windows mpya inayong'aa, na herufi P bado haitoki. Fundi yule hakuwa mwizi wala mvivu. Alikuwa amefundishwa dawa moja, naye akaitoa.

Lipo kundi la kesi ambazo kibodi inaandika vizuri kabisa, ila inaandika kitu kingine. Hapa Kampala ina utajiri wake wa pekee, maana soko lake linapokea kompyuta zilizotumika kutoka Uingereza, Ujerumani na nchi za Ghuba, na wanunuzi wake wanatoka hadi Kongo. Kompyuta iliyotumika London ina alama ya @ karibu na kitufe cha Enter. Ikisimikwa Windows yenye mpangilio wa Marekani, anayebonyeza hapo anapata alama ya kunukuu, na anwani yake ya barua pepe inakataliwa. Kompyuta ya Ujerumani imebadilishana Y na Z. Kwa mpangilio huo, anayeandika "yeye" kwa mazoea ya vidole anapata "zeze", na "maziwa" yanageuka "mayiwa". Mpangilio wa Kifaransa, ambao mfanyabiashara wa Goma au Bunia huuhitaji kwa haki kabisa, unapoachwa umewashwa kwenye kibodi ya Kiingereza, "Kampala" inatoka "Kq,pqlq". Nani asingedhani kwamba mashine imeingiliwa na virusi? Dawa ni kushika kitufe cha Windows na kugonga nafasi mpaka mpangilio unaotakiwa urudi. Alt na Shift kwa pamoja ndizo zilizoubadilisha bila mtu kukusudia.

Madhara yake hayaishii kwenye barua. Tangu 1 Januari 2021 Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA, imewataka walipakodi waliosajiliwa kwa VAT watoe ankara kupitia mfumo wa kielektroniki wa EFRIS, na dukani kifaa kinachokaa karibu na kompyuta hiyo ni kisomeo cha msimbopau. Wengi hawajui kwamba machoni pa Windows kisomeo hicho ni kibodi. Kikisoma mistari ya paketi ya sukari, "kinachapa" tarakimu kana kwamba kina vidole. Kwa hiyo mpangilio ukihamia Kifaransa, 1 inatoka & na 2 inatoka é, bidhaa haipatikani kwenye orodha, foleni inasimama, na mwenye duka anampigia fundi simu kwamba draiva ya skana imeharibika. Skana haina kosa, na draiva haina kosa. Ni jedwali tu limebadilishwa.

Nami ninayeandika Kiswahili nina kesi yangu ninayoipenda kuliko zote. Windows ina mpangilio uitwao Marekani wa Kimataifa, uliotengenezwa kwa ajili ya watu wanaohitaji herufi zenye alama juu yake. Katika mpangilio huo kitufe cha ritifaa hakiandiki kitu papo hapo. Kinangoja herufi inayofuata, na ikiwa ni irabu kinaivika alama. Sasa fikiria lugha ambayo ritifaa yake hufuatwa na irabu karibu kila mara. "Ng'ombe" anakuwa "ngómbe". "Ng'aa" inakuwa "ngáa". Mwalimu wa Kiswahili anaweza kuketi mbele ya mashine hiyo siku nzima akiamini kwamba kitufe kimeoza, kumbe kinatii amri ambayo hakumbuki kuitoa. Chagua mpangilio wa Marekani wa kawaida, mambo yamekwisha. Waandishi wa Luganda wana shida iliyo kubwa kuliko hiyo: tahajia yao rasmi ya mwaka 1947 ina herufi ŋ, na kibodi zinazouzwa William Street hazina kitufe chake. Wengi wameridhika kuandika ng'. Hilo nalo si tatizo la draiva. Ni la watengenezaji wa mipangilio ambao hawakuifikiria Buganda, na linafaa kudaiwa kwa sauti kubwa zaidi kuliko linavyodaiwa sasa.

Mawili mengine ya jamii hiyo niyapitie haraka. Laptopu ndogo ambayo Num Lock yake imewashwa hugeuza U, I, O, J, K, L na M kuwa tarakimu. Ukiandika "kuku" ukapata 2424, umepata jibu. Na kushika Shift ya kulia kwa sekunde nane kunaleta ujumbe wa Windows wa kuwasha kichujio cha vitufe, ambao mtoto au mtu mwenye haraka huukubali bila kuusoma. Tangu hapo kibodi inapuuza mibonyezo ya haraka na kuonekana imekufa. Bonyeza kitufe kimoja na ukishikilie kwa muda. Herufi ikitoka, nenda kwenye mipangilio ya urahisi wa matumizi ukizime kichujio hicho.

Baada ya kuwatoa hao wote kizimbani, wanabaki wenye hatia ya kweli, na wakati mwingine draiva huwa na hatia.

Kesi iliyowatesa mafundi wa Kampala kwa miaka kadhaa ilianza 2015, Intel ilipotoa kizazi cha sita cha prosesa zake, kiitwacho Skylake. Hadi wakati huo ubao mkuu wa kompyuta ulikuwa na vidhibiti viwili vya USB, cha zamani na kipya. Skylake ikakiacha cha zamani. Windows 7, iliyotoka 2009, haikuwa na draiva ya kidhibiti kipya. Wateja waliizoea Windows 7 na hawakuitaka nyingine, kwa hiyo fundi akachukua mashine nzuri iliyotoka Ulaya na kuingiza flashi ileile iliyomfaa kwa mamia ya mashine. Ukurasa wa kwanza wa usimikaji ukatokea, ukamtaka achague lugha, na hapo kibodi na kipanya vya USB vikazimika taa. Vilikuwa vizima kwenye BIOS, vimekufa kwenye usimikaji. Ndiyo maana kile kipimo cha BIOS kina thamani: kilionyesha wazi kwamba mkalimani hayupo. Dawa ilikuwa kuitia draiva hiyo ndani ya flashi kabla ya kuanza, kwa kifaa ambacho Intel yenyewe ilikitoa, au kutumia kibodi ya plagi ya duara ya PS/2, ambayo haipiti kwenye USB kabisa. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, lakini mashine zake bado zipo.

Kesi ya pili inazaliwa kila siku, na inazaliwa na dawa yenyewe. Laptopu nyingi za kuanzia kipindi hicho hazikuunganisha tachipadi, lile bamba la kugusa, kwa njia ya zamani. Huipitisha kwenye njia ndogo iitwayo I2C, ambayo Windows haiwezi kuifikia mpaka isimikwe draiva ya Intel ya Serial IO. Fundi anafuta Windows ili kutibu tatizo la sauti, tuseme, na mteja anarudi analalamika kwamba tachipadi imekufa. Anachomeka kipanya cha USB, kinafanya kazi, kwa hiyo anaamua kwamba bamba limeungua na kupendekeza linunuliwe jingine. Fungua kwanza Device Manager, orodha ya vifaa iliyomo ndani ya Windows. Ukiona alama ya njano kwenye kifaa kisichojulikana, au kwenye kidhibiti chenye jina refu la PCI, nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji, andika namba ya modeli iliyo chini ya laptopu, na upakue Serial IO kisha draiva ya tachipadi, kwa mpangilio huohuo. Mkalimani wa njia hutangulia mkalimani wa bamba. Kabla ya hapo, kwenye HP za zamani kidogo, tazama kama kuna taa ndogo kwenye kona ya juu kushoto ya bamba: kugonga kona hiyo mara mbili huizima tachipadi na kuiwasha.

Kesi ya tatu ni ya wapangaji waliohama bila kurudisha funguo. Kati ya kibodi na Windows programu nyingine zinaweza kujipachika kama vichujio: za kubadilisha vitufe, za ulinzi, za kuendesha kompyuta kutoka mbali, na zile za kupeleleza. Majina yao yanaandikwa katika rejista ya Windows, kwenye mstari uitwao UpperFilters. Programu ikiondolewa vibaya, au programu ya kuua virusi ikilifuta faili lake na kuliacha jina, Windows inaendelea kumtafuta mtu asiyekuwepo na kukataa kuiwasha kibodi. Device Manager inaandika kosa namba 19 au 39. Hapo lazima majina yaliyobaki yaondolewe, na mstari wa kibodi ubaki na kbdclass, wa kipanya na mouclass. Nasisitiza neno "ubaki". Anayefuta mstari mzima kwa hasira anaibakiza kompyuta bila kibodi yoyote, hata mpya kutoka dukani.

Na kuna makosa yanayotoka kiwandani, yasiyo ya fundi wala ya mteja. Februari 2018 Microsoft ilitoa sasisho la Windows 10 lenye namba KB4074588. Kwenye baadhi ya mashine sasisho hilo liliziondoa draiva zilizokuwa zikifanya kazi bila kusimika mpya, na kibodi, vipanya na kamera zikanyamaza; marekebisho yalikuja 5 Machi. Oktoba mwaka uleule draiva ya kibodi ya HP, toleo la 11.0.3.1, iliangusha kompyuta kwenye kioo cha buluu. Ndiyo maana swali la kwanza la kumuuliza mteja ni kompyuta ilifanya nini jana. Ikiwa ilikuwa ikijisasisha, Device Manager ina kitufe cha kurudisha draiva iliyotangulia, na Windows ina orodha ya masasisho yanayoweza kuondolewa. Kama hakuna kilichobadilika, kukiondoa kifaa katika Device Manager na kuiwasha upya kompyuta kunatosha mara nyingi, kwa sababu draiva za msingi za kibodi na kipanya zimo ndani ya Windows tangu mwanzo. Hazihitaji intaneti wala kununuliwa.

Nasema kuiwasha upya, sikusema kuizima. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ukizima kompyuta kwa njia ya kawaida, kiini cha Windows hulazwa kwenye diski na kuamshwa kesho yake vilevile kilivyokuwa, pamoja na draiva iliyochanganyikiwa. Neno Restart ndilo linaloisafisha. Watu wengi wa Kampala walioambiwa "zima uwashe" wametii mara kumi na kuamka na ugonjwa uleule, wakaamini kwamba umekuwa sugu.

Umeme nao unastahili kutajwa. Laptopu nyingi zilizotumika zina betri zilizokufa, hivyo zinaishi kwa waya kama kompyuta za mezani. Umeme ukikatika masasisho yakiwa katikati, faili za draiva zinaweza kubaki nusu. Usambazaji ulitoka kwa kampuni ya Umeme ukaenda kwa UEDCL tarehe 1 Aprili 2025, lakini betri iliyokufa haijali jina lililo kwenye bili. Betri nzima ni kinga bora ya draiva kuliko programu yoyote inayouzwa.

Hata chaja ina kesi yake. Tundu la ukutani la Uganda ni la pini tatu, na ya tatu ni ya kupeleka umeme wa ziada ardhini. Tunachomeka chaja za pini mbili kwa kufungua tundu la juu kwa kalamu, au kwa adapta ambayo pini yake ya tatu ni plastiki tupu. Tachipadi hupima chaji ndogo sana ya kidole, na chaja mbovu inayovujisha kelele za umeme huivuruga: mshale unaruka na kubofya wenyewe. Chomoa chaja. Mshale ukitulia, usiguse draiva.

Kipanya kisichokuwa na waya kinaugua kwa namna yake. Intel ilieleza mwaka 2012 kwamba vifaa na nyaya za USB 3.0 hutoa kelele katika masafa ya 2.4 GHz, ambayo ndiyo hutumiwa na vipanya hivyo. Wabunifu wa Nasser Road, ambao siku nzima wanavuta mistari ya kadi za harusi na mabango ya wagombea, huchomeka diski ya nje kando ya kipokezi cha kipanya, kisha mshale unaanza kukwama. Hamishia kipokezi upande wa pili wa mashine, au kiweke kwenye waya wa kurefusha. Cha Bluetooth kikigoma, kifute kwenye orodha ukiunganishe upya; zaidi ya betri, ni nadra kuwa na jingine.

Sasa ile desturi ya kusimika upya. Sitaki kuwaonea mafundi. Kwa miaka mitatu, kuanzia 1 Julai 2018, Mganda alilipa shilingi 200 kwa siku ili tu atumie mitandao ya kijamii, na ilipoondolewa kodi hiyo Julai 2021 ikaja ya asilimia 12 juu ya data yenyewe. Januari mwaka huohuo, wakati wa uchaguzi, intaneti ya nchi nzima ilikatwa jioni ya tarehe 13 hadi 18. Katika hali hiyo fundi anayetegemea kupakua draiva moja moja hawezi kula. Akajikusanyia kwenye diski pakiti kubwa za draiva za kila kifaa, zinazojichagulia na kujisimika. Ni busara ya mtu anayejua soko lake. Shida ni kwamba pakiti nyingi za namna hiyo zinabahatisha, zinaweka draiva ya jamaa badala ya ndugu, na baadhi zinaleta programu za matangazo ambazo mteja hakuziomba. Kwa kibodi na kipanya hazihitajiki kabisa. Fundi aliye na folda za draiva rasmi za modeli ishirini zinazouzwa sana mtaani kwake, zilizopakuliwa mara moja kutoka kwa watengenezaji, yuko salama zaidi na yuko tayari hata siku intaneti haipo.

Usalama unanisumbua kuliko gharama. Draiva ya kibodi inapitiwa na kila nywila unayoandika. Desemba 2017 mtafiti Michael Myng alieleza kwamba draiva ya tachipadi ya Synaptics katika laptopu za HP ilikuwa na msimbo uwezao kurekodi kila kitufe kinachobonyezwa. Alikuwa akitafuta tu namna ya kuwasha taa za kibodi. Msimbo huo ulikuwa umezimwa, mabaki ya majaribio ya watengenezaji, na HP ikatoa marekebisho kwa zaidi ya modeli 460. Ikiwa jambo kama hilo lilipita mikononi mwa kampuni kubwa, fikiria draiva iliyotoka kwenye flashi isiyojulikana ilikotoka, katika kompyuta ambayo kesho itatumika kuingia benki na kwenye tovuti ya URA.

Na kama kibodi imekufa sasa hivi, kazi iko wazi na fundi yuko mbali? Kwenye ukurasa wa kuingilia, bofya alama ya urahisi wa matumizi, chini kulia, uwashe kibodi ya kwenye kioo. Nywila itaandikika kwa kipanya. Kama aliyekufa ni kipanya, shika kitufe cha Windows na X, kisha M: Device Manager inafunguka. Tab na mishale zinakupeleka popote, na Shift pamoja na F10 ni kubofya kulia. Hifadhi kazi kwanza, kwenye flashi, kabla ya kumkabidhi mtu yeyote mashine.

Kesi ya karibuni ilitokea siku ambayo wengi hapa waliihesabu kwa sababu nyingine. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida ya Windows 10. Siku hiyohiyo ilitoa sasisho la Windows 11, KB5066835. Ndani ya Windows kila kitu kilikwenda vizuri. Lakini kwenye mazingira ya uokoaji, yale yanayofunguka Windows inaposhindwa kuamka, kibodi na vipanya vya USB havikufanya kazi. Mtu alifikishwa mlangoni pa hospitali, akakuta hakuna kitasa. Marekebisho yalitoka tarehe 20. Katika siku sita hizo, mwenye kompyuta ya mezani iliyokwama aliweza kuingia kwa urahisi ikiwa mashine yake bado ina lile tundu la duara la PS/2, na baadhi ya kompyuta za ofisini za HP bado zinalo, naye awe na kibodi ya zamani yenye plagi ya zambarau, ya mtindo ulioletwa na IBM mwaka 1987. Ninayo moja, chini ya meza, imefungwa kwa mfuko wa nailoni ili vumbi lisiingie.